Radhi Uliyompa Sufiani

Tunduma,
Julai 2013, ndani ya mfungo

Kwa dada yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, dada. Kabla sijakuuliza hali yako na kabla sijaeleza yangu, ujue kwamba mwanao Sufiani yu hai. Yuko hapa chumbani, jana amefuturu uji na mihogo, na alfajiri ya leo amekula daku. Moyo ukianza kwenda mbio, rudi usome mstari huo tena, ndipo uendelee.

Haya, za hapo Kondoa? Mama mkubwa anaendeleaje na miguu yake? Shemeji Abdulwahab amerudi kutoka Singida au bado yuko barabarani? Nimesikia kwa madereva kwamba mvua ziliwakatisha tamaa na uwele haukujaa vizuri. Mimi mwili ni mzima isipokuwa bega la kulia, ambalo baridi ya huku ya mwezi wa saba hulikamata kila asubuhi mpaka nilipashe kwa maji ya moto. Kazi ni ile ile ya kushusha na kupakia. Malori yanapanga foleni ya forodha hadi nje ya mji, Wazambia wanavuka kutoka Nakonde wanatusalimu mulishani, tunajibu, tunabeba. Siku zinaisha hivyo.

Utashangaa kupata barua zama hizi ambapo kila mtu ana simu. Lakini simu yenu naijua. Inashinda kwa shemeji, na ukiipokea wewe unaweka sauti ya nje, hata jirani anayepita hunijibu salamu kabla yako. Maneno niliyo nayo si ya kusikilizwa na jirani. Nimempa barua hii Osea, dereva anayepeleka mahindi Babati, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Kama macho yanakusumbua, akusomee Yasmini, mkiwa wawili tu, mlango umefungwa. Shemeji utamweleza mwenyewe baadaye kwa namna unayoijua wewe mkewe.

Sasa nianze mbali kidogo, maana nikianzia karibu hutaelewa.

Nimewahi kukutajia mama mwenye nyumba wangu, Edina, Mnyiha mmoja mwimba kwaya wa Moravian aliyelelewa kule Mbozi Misheni. Alikuwa na kijana wake wa mwisho, Watson, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana katika shule hiyo hiyo anayosoma Sufiani. Walikuwa wakisomea taa moja, huyu akimfundisha huyu hesabu, huyu akimfundisha huyu Kiingereza. Matokeo yalipotoka Februari unakumbuka yalivyokuwa nchi nzima. Watson alipata sifuri, kama wengi. Mwezi wa tatu akajiua. Naliandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu hapa watu walikataa kulisema, na nimekuja kuona kulinyamazia kunavyoua. Wala sisemi ni matokeo peke yake. Nimeelezwa baadaye kwamba jambo kama hili halina sababu moja.

Wazee wa ukoo wake walifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kuzika, pembeni kabisa mwa shamba, bila wimbo na bila matanga. Walisema ndivyo anavyozikwa mtu wa namna hiyo, asije akaita wenzake. Jina lake lisitajwe tena. Sisi wapangaji tuliambiwa tukiulizwa tujibu kuwa aliugua ghafla. Edina alikatazwa kulia kwa sauti. Nilimsikia nyuma ya nyumba akifua nguo kwenye karai, akizianika, akizianua zikiwa bado mbichi, akizifua tena.

Tangu siku ile Sufiani alipunguza maneno. Mimi nilijiambia ni majonzi ya rafiki, yatapita.

Mwezi wa nne binti mmoja wa shule nyingine, njia ya kwenda Vwawa, naye akafa hivyo hivyo. Hapo ndipo maneno yalipoanza mjini. Wapo waliosema kuna kitu kimefunguliwa. Wapo waliosema mambo haya huja kwa matatu. Ukipita sokoni unawasikia wauza nyanya wakiulizana wa tatu atatoka nyumba gani, sauti zao chini, kama watu wanaosubiri basi ambalo wana hakika litakuja. Watoto nao wakaugeuza utani, unawajua watoto. Mtu akikosa hesabu ubaoni, wa nyuma wanasema, wa tatu huyo. Mtu akikaa peke yake wakati wa mapumziko, wanaambiana mwacheni, wa tatu anajiandaa. Sufiani aliitwa hivyo siku walipobandika matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio. Sikujua. Hakuniambia.

Aliyekatisha maneno hayo ni Edina mwenyewe. Kulikuwa na kikao cha wazazi pale shuleni, cha michango ya chakula, nami nilikwenda kama mlezi. Edina hana tena mtoto pale, lakini aliingia akasimama karibu na mlango mpaka walipomaliza habari za mahindi na maharage. Kisha akasema, "Mimi ni mama Watson. Watson alijiua. Nataka kujua huyo wa tatu mnamsubiri au mnamzuia."

Tajiri mmoja wa malori alimwambia akae, kwamba mambo ya nyumbani kwake asiyalete shuleni. Hakukaa. Mwalimu Sadoki, anayefundisha jiografia, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aliyesimama ni sheikh wa msikiti wetu. Alisema mama ameuliza swali, na sisi tuna midomo.

Basi ikaanzia pale. Kina mama wa kwaya, sheikh, walimu, hata vijana wa bodaboda walikubaliana, na wakampata muuguzi mmoja wa Vwawa, Yunisi, aliyesomea mambo haya. Alikuwa akija kwa basi dogo siku zake za mapumziko, anaingia shule moja baada ya nyingine. Alianza na walimu, kisha wanafunzi waliochaguliwa na wenzao kila darasa, mwisho sisi wazazi na walezi. Nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini nikiwa na saruji mpaka kwenye nyusi. Nikakaa kwenye dawati la kidato cha kwanza, magoti yakagusa kidevu.

Unajua mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini maneno ya siku ile yaliingia. Alisema ukimhofia mtoto muulize, tena kwa jina lake na kwa neno lenyewe. Usimzungukezunguke. Tajiri wa malori akadakia kwamba huko ni kuwafundisha, watoto walikuwa hawana habari na sisi tunawapa. Yunisi alimjibu taratibu kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa tu pa kulitolea. Akasema usimhubirie, usimtishe, usimwahidi kuificha siri hiyo, usimwache peke yake, na mlete kwake au hospitali yoyote iliyo karibu. Mzazi mmoja aliuliza habari za polisi, maana sheria inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa, na ndiyo sababu watu wengi hufunga midomo. Mwalimu Sadoki alisimama akasema pale shuleni mtoto anayehitaji msaada atapewa msaada, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Kisha tukafanyishwa mazoezi wawili wawili. Mimi nilipangiwa na yule tajiri. Ilikuwa zamu yake kuniuliza, akakohoa, akaangalia dari, akasema, "Je, ndugu Zahoro, una lile... lile jambo?" Watu wakacheka. Zamu yangu ilipofika sikumshinda. Nilifungua kinywa na kilichotoka ni, "Umekula?" Wakacheka zaidi, hata Edina alicheka, na nilifurahi kumwona akicheka.

Mwisho akatutajia dalili. Anayejitenga. Asiyelala. Anayegawa vitu vyake. Anayeaga watu. Anayeomba msamaha kwa mambo ambayo hakuna aliyemlalamikia. Na akasema tujihadhari sana na mtu aliyekuwa na huzuni nzito kisha ghafla akatulia. Nilisikia yote hayo kwa masikio haya.

Mafunzo hayo yalikuwa Mei. Mwisho wa mwezi huo serikali ikayapanga upya matokeo ya nchi nzima, na Mwalimu Sadoki akaja kumwambia Edina kwamba Watson ametoka sifuri, amepata daraja la nne. Edina alimkaribisha chai. Mwalimu hakuimaliza.

Sasa nije kwa mwanao. Baada ya moko alikonda. Chakula alikuwa akikizungusha kwenye sahani. Shemeji alipiga simu akamwambia asije akarudi Kondoa kumfanya achekwe mbele ya watu, kwamba ameshawaambia wote kuwa mwanawe atavaa koti jeupe la daktari. Simlaumu shemeji, ndivyo anavyopenda. Mimi nilimwambia kijana asome tu, moko si mtihani wenyewe. Nilikuwa nachoka, dada. Nilikuwa narudi nalala.

Halafu katikati ya Shaabani akabadilika. Alianza kucheka. Akafua nguo zangu za kazi, ambazo hata mimi huzionea kinyaa. Alirudisha vitabu vya watu. Nilimwambia Osea kwamba kijana wetu amerudi. Zilipoingia siku za mwisho za Shaabani akafanya kama tunavyofanya wote kabla ya kufunga, akazunguka kuomba radhi. Alikwenda kwa sheikh, kwa muuza duka, kwa wapakiaji wenzangu. Alikwenda mpaka kwa mvulana aliyemwita wa tatu, na huyo naye aliona aibu akamwomba yeye. Kila mtu alimwambia nimekusamehe, nawe unisamehe. Wakaniambia Zahoro, umelea. Nami nikatembea kifua mbele.

Kwangu alikuja jioni nikiwa nalipasha bega maji ya moto. Akapiga magoti, akasema, "Mjomba, nisamehe yote, hata ambayo hukuyaona." Nikamwambia nimekusamehe, nawe unisamehe, hebu nipe hiyo sabuni.

Wewe pia alikupigia. Ukanipigia baadaye ukilia kwa furaha, ukasema mtoto amekuwa mtu mzima. Nikakujibu ni kazi ya Mungu, na ya walimu wake.

Unaona, dada? Dalili zote za Yunisi zilipita mbele yetu zimevaa kanzu, na sisi tukazipa mkono. Juma lile hapakuwa na Mwislamu hapa Tunduma ambaye angeshangaa, maana sote tulikuwa katika jambo lile lile. Sheikh mwenyewe alikuwa kwenye mafunzo, na alimpa radhi kama sisi.

Aliyeshangaa ni asiyeijua desturi yetu. Siku ya kuutazama mwezi, baada ya alasiri, Edina alikuja mpaka uwanja wa kupakia, mahali ambapo wanawake hawafiki. Nilikuwa na gunia begani. Akaniuliza kwa nini Sufiani amekwenda kwake kumwomba msamaha wa maji aliyomwaga mwaka juzi. Nikacheka, nikamweleza kwamba ni Ramadhani inaingia, Waislamu ndivyo tunavyofanya. Wenzangu wakacheka, mmoja akamwambia njoo na wewe mama, tukusamehe. Hakucheka.

"Desturi yenu siijui," alisema. "Lakini utulivu ule naujua. Niliuona nyumbani kwangu. Umemwuliza?"

Nikajifanya sielewi. Akasema, "Lile neno. Umemwuliza kwa jina lake?"

Hapo nilikasirika. Nilimwambia si kila mtoto ni Watson. Nililisema mbele ya watu, na likishatoka halirudi. Aliniangalia, akasema, "Ndiyo. Wangu hakuulizwa." Wala hakuondoka. Alisimama pale kati ya malori mawili mpaka nikashusha gunia.

Asubuhi Sufiani alikuwa ameniambia atapanda kilima cha nyuma ya shule kuutazama mwezi. Nilimwuliza mbona asiende na watu wa msikitini, akasema huko kuna kelele. Nilipolikumbuka hilo nikamweleza Edina. Tulikwenda nusu tunakimbia. Watu walikuwa wametoka barabarani, wamesimama juu ya makontena na vibaraza, nyuso zote magharibi, watoto wanaoneshana vidole. Walituona tunakimbia wakadhani tumechelewa mwezi. Muuza duka akatuuliza kama tumeuona. Hakuna aliyemwangalia mwenzake jioni ile, dada. Mji mzima ulikuwa unaangalia juu.

Tulimkuta amekaa kwenye jiwe. Alichokuwa amekipanga sikuandikii, hakina faida kwako wala kwa yeyote. Alimwamkia Edina shikamoo kwa adabu kama siku zote. Nilitaka kuzungumza habari za mwezi. Nilitaka kumwambia twende nyumbani baridi inaingia. Edina akanibana mkono.

"Sufiani," nikasema, "unataka kujiua?"

Akageuka kuniangalia. "Ndiyo, mjomba."

Nilikaa upande mmoja, Edina akakaa upande wa pili, bega kwa bega, yeye katikati. Nilimwambia tu kwamba nimemsikia, na kwamba siondoki. Chini mjini tukasikia watu wakipiga takbira, mwezi umeonekana. Hakuna kati yetu aliyeinua uso. Baadaye akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza kilio cha mtoto kilinipa nafuu. Tukashuka naye kungali na mwanga.

Yunisi alifika kesho yake. Alimpeleka kwa daktari anayeshughulika na maradhi ya namna hii, na sasa Sufiani anaonana na mmoja wao kila juma. Polisi hawakuitwa na hawataitwa. Mwalimu Sadoki alizungumza na darasa bila kumtaja, na ule utani umekatika, angalau mbele ya walimu. Wanafunzi waliofundishwa hawamwachi. Kuna binti wa darasa lake, Bushra, huja na wenzake kila jioni na madaftari. Juzi Sufiani alimwambia asijisumbue, naye akamjibu, "Nani amekuja kwa ajili yako? Nimefuata futari ya mjomba wako." Akatabasamu. Nilikuwa nakoroga uji, nikageukia ukutani ili asinione.

Mimi nikiwa kazini, wapakiaji wenzangu wanapokezana kukaa naye. Sisi tunapopeana gunia, anayetoa haachii mpaka anayepokea atamke kwamba ameshika. Ndivyo wanavyofanya na mwanao. Anayeondoka hasogei mlangoni mpaka anayeingia aseme, nimeshika. Sufiani anasema wanamfanya mzigo, lakini anayasema hayo akiwa anacheza nao bao.

Hata hivyo nisikudanganye. Mwezi huu wanafunzi wamewapeleka kwa Yunisi wenzao wengine wawili, wote hai. Yunisi anasema hiyo ndiyo kazi inavyotakiwa iende. Mimi najiuliza ni wangapi ambao hawajasema. Mtihani ni Novemba, matokeo ni mwakani. Nikisikia kitu kimeanguka uani nasimama kabla sijajua nimesimama.

Sasa nimefika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Kaa chini, dada.

Juzi baada ya alasiri nilimwuliza kwa nini, kama alikuwa ameamua tangu katikati ya Shaabani, alingoja mpaka mwezi uandame. Alinijibu bila kuzunguka. Alisema hakutaka kwenda mbele ya Mungu akiwa na haki za watu. Alitaka kwanza azimalize, radhi ya huyu, radhi ya yule. Akasema zote zilikuwa nyepesi isipokuwa moja, na bila hiyo asingethubutu. Hiyo ni yako. Alipiga mara ya kwanza akapokea shemeji, akakata. Akapiga tena, shemeji. Mara nyingine ndipo akakupata, na wewe ukamwambia, "Nimekusamehe yote, mwanangu. Radhi yangu unayo. Nenda kwa amani."

Najua ulimaanisha aende kwa amani kwenye mfungo. Pengine ulikuwa unaosha mchele, unasikia sauti ya mwanao baada ya siku nyingi, unafurahi. Lakini mtoto hakuisikia hivyo. Aliniambia, "Mama ameniruhusu, mjomba. Nilipokata simu nilikuwa mwepesi." Hakulia alipolisema. Ndilo linalonitisha. Anakula, anacheza bao, anacheka na Bushra, na radhi yako ameiweka ndani kama mtu aliyekwisha kupata kibali cha safari na anachongoja ni gari. Nilimwambia hukumaanisha hivyo. Akasema radhi ya mama ikishatoka hairudi.

Usijilaumu, nakuomba kwa Mungu. Mimi nilimpa yangu huku namdai sabuni. Sote tulimpa. Tofauti ni kwamba yako ndiyo aliyokuwa anaingoja.

Nimemwuliza sheikh. Alisema hakuna radhi ya mama inayofungua mlango ule, na mama ana haki ya kumwambia mwanawe hivyo kwa kinywa chake. Yunisi naye amesema ni vizuri, mradi isiwe kwa hasira wala kwa kumwambia amekosa. Basi nakuomba umpigie. Simu yangu nimemwachia yeye. Chukua simu kwa shemeji, zima sauti ya nje, nenda nyuma ya nyumba uwe peke yako. Muulize kwa jina lake na kwa neno lenyewe, kisha umwache aseme, hata akichukua muda mrefu. Mwambie radhi uliyompa ni ya kufunga na kufungua, ya kusoma na kufeli, ya kurudi nyumbani kwako na cheti au mikono mitupu. Mwambie hukumpa ruhusa ya kuondoka. Mwambie umebakiwa na haki moja juu yake, ya kumwona anazeeka, na kwamba hiyo humsamehe. Wala Shaabani ijayo akija kuiomba hutamsamehe.

Shemeji akitaka kuja, aje baada ya Idd, na aje kama baba. Koti jeupe aliache huko huko.

Mwandiko wangu ni mbovu na bega limechangia, lakini mwaka huu siombi tena radhi kwa lolote. Nisalimie mama mkubwa, mwambie dawa ya miguu nitampa Osea safari ijayo. Nisalimie Yasmini, na umwambie akikusomea hapa asiogope, kaka yake yuko na watu. Edina anakusalimu sana. Hamjuani, lakini aliniuliza mama wa Sufiani anaitwa nani, nami nikamtajia jina lako.

Kijana mwenyewe yuko hapa kando yangu, anaona naandika na hajauliza naandikia nani.

Mpigie leo hii utakapomaliza kusoma. Akichelewa kupokea usikate tamaa. Piga tena, na tena.

Wassalaam,
mdogo wako,
Zahoro